Shati la Makori

Kijana wa duka la kuchapisha alikuwa na haraka, na sikumlaumu. Foleni nyuma yangu ilifika mlangoni, na karibu kila mtu aliyesimama pale mjini Kisii asubuhi ile alikuwa ameshika karatasi ya marehemu wake. Kijana aliingiza maneno yangu kwenye kompyuta bila kuyasoma, kidole kimoja kikifuata mwandiko, mpaka alipofika mahali nilipoorodhesha watoto wa marehemu. Hapo akasimama. "Madam, huyu wa kwanza, Makori, niweke 'marehemu' mbele ya jina ama niache hivyo?" Mimi ni mwalimu, nimesahihisha insha za watoto wa watu kwa miaka mingi, na neno moja lilinishinda. Nikamwambia nitampigia simu. "Basi usichelewe," akasema. "Kesho saa nne naprinti. Ikishatoka hakuna kurudi nyuma."

Tuliyekuwa tukimwandalia programu ya mazishi ni Mama Nyaboke, aliyekuwa mama mkwe wangu. Nasema aliyekuwa kwa sababu sasa nina mume mwingine kule Masimba, na watoto wawili, na mama mkwe mwingine ambaye, namshukuru Mungu, bado ana nguvu za kunigombeza. Lakini Mama Nyaboke alipozidiwa aliagiza kwamba Kerubo, yaani mimi, ndiye aandike wasifu wake, na katika boma lile karibu na Nyakoe hakuna aliyethubutu kumpinga hata alipokuwa hoi kitandani. Makori alikuwa mwanawe wa kwanza na mume wangu wa kwanza. Alikuwa askari. Alipelekwa vitani Somalia, hakurudi, na hakuna mtu aliyewahi kutuonyesha mwili wake. Kaburi lake liko pale bomani, ukingoni mwa shamba la chai, na kila mtu anajua kwamba hayumo. Mambo hayo yote yalitokea ndani ya mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na swali la yule kijana lilinirudisha huko kabla hata sijatoka dukani mwake.

Nikiukumbuka mwaka ule, kwanza naliona jiko. Jiko la Mama lilikuwa nyumba ya peke yake nyuma ya nyumba kubwa, lenye kuta za udongo, mafiga matatu, na dirisha dogo lililotazama migomba. Tulikuwa na miezi minane tu tangu tufunge ndoa kanisani, na katika miezi hiyo Makori alikuwa amekuja likizo mara mbili. Kwa hiyo kusema kweli nilimjua mama yake kuliko nilivyomjua yeye. Mama ndiye aliyenifundisha kupika chinsaga, ile mboga yetu chungu, kwa kuichemsha polepole na maziwa mpaka uchungu uishe, na ndiye aliyenitania kwamba wasichana wa kwetu Masimba husonga ugali unaofaa kukandikia ukuta. Habari ilitufikia tukiwa mle ndani tukimenya ndizi. Redio ilisema kambi ya wanajeshi wetu imevamiwa alfajiri. Haikutaja jina la mtu. Mama aliipunguza sauti, kana kwamba habari ikisemwa polepole itakuwa ndogo, akaendelea kumenya. Siku ile tulimenya ndizi za kutosha harusi nzima.

Siku chache baadaye walikuja wanaume wawili waliovaa kiraia, lakini viatu vyao viliwasema. Tuliwakaribisha sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, chini ya picha ya Makori akiwa na magwanda yake. Mama alikataa kusikia lolote mpaka wanywe chai. Kisha mkubwa wao akaweka kikombe chini, akasema kwa Kiswahili kizuri, cha kutayarishwa, kwamba mwanawe hajulikani alipo. Nyumbani tulizungumza Kikisii, na Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni, lakini siku ile kilimtosha.

"Hajulikani na nani?" akauliza.

"Na sisi, Mama. Na jeshi."

"Amekufa?"

"Hatuwezi kusema amekufa."

"Ameshikwa?"

"Hata hiyo hatuwezi kusema."

"Sasa nyinyi mmekuja kusema nini?"

Yule mdogo aliinamisha kichwa. Mkubwa akasema wamekuja kusimama na familia, na kuchukua mate ya Mama kwa ajili ya vipimo, ili mwili wowote ukipatikana ijulikane kama ni wa mwanawe. Mama akapanua mdomo kama mtoto, wakapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu lake. Walipokuwa wakiaga akawauliza jambo la mwisho. "Kama ameshikwa, hao watu wanapea yeye chakula gani?" Walitazamana, wakasema watafuatilia.

Swali hilo la chakula lilimkaa rohoni. Mtu aliyekufa haulizwi amekula nini, na nadhani ndiyo maana hakuliacha. Mwezi wa pili wa kungoja alinichukua twende mjini, moja kwa moja hadi kwa mzee mmoja Msomali aliyeuza vitambaa. Mzee wa watu alidhani tunataka dera. "Kwenu," Mama akamwambia, "mtu amefungwa anakula nini?" Yule mzee alitutazama, akavitazama vitambaa vyake, akasema yeye kwao ni Garissa, Somalia hajawahi kukanyaga. Mama hakuondoka. Mwishowe mzee akasema kwa upole, "Mama, kwetu mgeni anapewa wali na nyama ya mbuzi." Aliulizwa juu ya mfungwa akajibu juu ya mgeni, na niliona wazi kwamba alifanya hivyo kwa huruma. Mama alitoka pale amechangamka. Kwa majuma mengi tukikaa kula alikuwa akisema, "Makori saa hii anakula wali," nami naitikia, "Ee, Mama." Na kila jioni, kabla ya kufungia kuku, alimpigia Makori simu. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao ilimwambia kwamba mteja hapatikani, na Mama akamjibu, "Haya mama, asante," kisha akakata. Hakuwahi kumkasirikia. Alisema ni mtoto wa watu, anafanya kazi yake.

Mimi sikuwa na moyo kama wake, na hapa sitaki kujipamba. Nilikuwa mke asiye na mume na mjane asiye na kaburi. Wanawake kanisani waliniuliza habari za Makori kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu, na waliobaki hawakujua waniambie pole au waniambie vumilia. Sikuwa na mtoto. Nilianza kuisahau sauti ya mume wangu, na hilo lilinitisha kuliko yote. Siku moja katikati ya mwaka, nikichuma chai, dada yangu alinipigia kutoka Masimba akaniuliza nitakaa hivyo hadi lini. Nikamwambia, "Heri ningeambiwa amekufa, nijue moja." Nilipogeuka, Mama alikuwa mstari wa nyuma yangu, kikapu mgongoni, mikono ikiendelea kuchuma. Jioni ile yeye ndiye aliyenipakulia, jambo ambalo kwetu mama mkwe hamfanyii mkaza mwana, akaniwekea firigisi ya kuku, ambayo kwa kawaida haipewi mwanamke kabisa. Niliila kwa shida, naye akizungumza habari za mvua.

Mwaka ulipokuwa ukielekea mwisho, habari zikaja kwa njia mbaya. Mzee Ondieki, baba mdogo wa Makori, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma tangu baba mkwe wangu alipofariki. Alikuwa na rafiki Nairobi, na huyo rafiki akamwambia kwenye simu kwamba kuna mwili wa askari umetambuliwa, jina lake Makori, mtu wa huku kwetu, na utasafirishwa kesho. Ilikuwa Alhamisi. Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likitua Sabato imeingia, na Sabato hatuziki. Mzee Ondieki akaona mwili ukifika Ijumaa mchana hakutakuwa na muda wa kuchimba. Mtu mwingine angewapigia simu wakubwa wa jeshi kwanza aulize. Yeye aliita watu wenye majembe. Kufikia Ijumaa asubuhi kaburi lilikuwa tayari, kuta zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa pembeni, na wanawake wa jirani wameshaanza kuteka maji. Saa sita mchana simu ya Mama ililia. Alikuwa yule mkubwa wa viatu, amesikia uvumi wetu. Mama alisikiliza, kisha akanipa simu nisikie na mimi. Mwili ulikuwa wa Makori mwingine, wa upande wa Nyamira, na familia yake ilikuwa na habari. Mate ya Mama hayakuafikiana nao hata kidogo. Makori ni wengi katika nchi yetu. Ukiliita jina hilo sokoni Mosocho watageuka watu watano. Mama alipiga magoti pale pale kwenye udongo akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi pia nilishukuru, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimevunjika, na nilijichukia kwa hilo.

Lakini sasa kulikuwa na shimo. Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi mpaka jua litue, wala halifukiwi tupu. Watu wanaamini litamtafuta mwingine wa boma lile lile. Hata Wasabato safi, wanaomwambia mchungaji kwamba hayo ni mambo ya kale, hawakubali kulala boma moja na kaburi lililo wazi. Dawa yake inajulikana. Unakata mgomba wa urefu wa mtu aliyechimbiwa, unauvisha nguo aliyoivaa mwilini mwake, unauzika kwa jina lake. Mwenye nguo ndiye aliyezikwa. Mkewe ni mjane, na hata yeye mwenyewe akija kurudi kwa miguu yake, kwanza watu watamkimbia.

Wazee walikaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto wa chai yao, na dirisha la sebule lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pangu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mzike mgomba kwa jina la mwanangu?" Mama alisema. "Yaya. Hapana. Mwanangu anakula wali."

"Shemeji, kosa ni langu," Mzee Ondieki akasema. "Nilikimbia kabla ya kuuliza. Lakini shimo liko pale na jua halitungoji. Unataka limchukue nani?"

"Wewe ndiye umelichimba. Ingia wewe."

Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Kisha Mzee Ondieki akasema jambo ambalo nadhani hakujua ninalisikia. "Na huyu msichana wa Masimba? Utamweka hapa akikuchumia chai mpaka azeeke? Hana mtoto. Mume wake si hai, si maiti. Hata akitaka kwenda, atakwenda kama nani?"

Chai ilifurika motoni sikuiona.

"Ako na miaka ishirini na tatu," Mama akasema mwishowe. "Nilimsikia siku ile shambani. Mimi naweza kungoja, ni mtoto wangu. Yeye sitamngojesha." Nikamsikia akisimama. "Haya, zikeni. Lakini mgomba nitauvisha mimi mwenyewe, na mtu asinifuate ndani."

Mzee Ondieki alikuja jikoni na kamba. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, lakini siku ile aliongea kama jirani anayekuja kuomba chumvi. "Kerubo, mtoto wangu," akasema, "wewe ulikuwa unamfika wapi?" Nikaelewa anataka nini. Nilisimama wima karibu na mlango, nikajaribu kumsimamisha Makori mbele yangu. Siku ya harusi kichwa changu kilimfika begani. Nikainua kiganja juu ya kichwa changu, nikakishusha kidogo, nikakiinua tena, nikiogopa kumpunguza. "Hapa," nikasema. Mzee akaivuta kamba kutoka kidoleni mwangu hadi chini, akapiga fundo. Baada ya muda mfupi nilisikia panga kwenye migomba.

Nguo ambayo wazee waliitaka ni shati lake la harusi, la samawati lenye mistari myembamba, kwa sababu kila mtu alimwona nalo. Mama alisema analo ndani ya sanduku lake la bati. Mgomba ukaingizwa chumbani mwake, akafunga mlango, akakaa mle mpaka watu wakaanza kutazama saa. Alipofungua, mgomba ulikuwa umeviringishwa ndani ya shuka na kufungwa kamba mara tatu, na Mzee Ondieki alipomuuliza kama ameuvisha, aliitikia kwa kichwa. Mchungaji alisema yeye hawezi kuombea mgomba, lakini hakuondoka. Alisimama kando, kofia mkononi, akitazama milima. Wanaume wanne waliuteremsha. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na shuka lilikuwa limeloa maji ya shina. Nilitupa udongo wangu nikalia kwa sauti, na watu wakaridhika, maana walikuwa wamekingoja kilio hicho miezi mingi. Sikuwaambia kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na nafuu. Mama hakulia. Alingoja shimo lijae, akaenda kwenye banda la kuku, akatoa simu kwenye mfuko wa sweta yake. "Haya mama, asante," nikamsikia akisema.

Kesho yake kanisani alivaa gauni la kahawia. Akina mama wenzake wote walikuwa na magauni yao meupe ya Sabato, naye katikati yao alionekana kama mgeni aliyekosea kanisa. Walipomuuliza, akasema lake limeliwa na panya. Nakumbuka nilishangaa, maana sanduku alimolitunza lilikuwa la bati na nyumba ilikuwa na paka wawili, lakini nilikuwa na mengine ya kuwaza. Mwaka ulipokwisha nilirudi Masimba, nikaingia chuo cha ualimu, na baadaye nikaolewa tena kwa heshima zote za mjane aliyekwisha kuzika. Mama mwenyewe ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, mkungu wa ndizi kichwani. "Enda," akaniambia, "na usigeukegeuke." Nilimtembelea kila Desemba. Kila Desemba niliikuta simu ile ile mezani, imefungwa raba isiachane, na sikuwahi kumuuliza kama bado anapiga.

Kutoka duka la kuchapisha nilikwenda moja kwa moja hadi bomani, kwa sababu kazi yangu nyingine ilikuwa kumchagulia Mama nguo za kuzikwa. Chumba chake kilinuka sabuni ya mche na moshi wa jikoni, vile vile kama zamani. Nililivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, nikatoa blanketi, leso mbili, na Biblia ya Kikisii iliyopoteza jalada. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na ndani ya mfuko shati la samawati lenye mistari myembamba. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limefungwa vifungo vyote. Nilijiambia ni jingine linalofanana nalo. Lakini kwenye kola palikuwa na uzi mweupe, na uzi huo niliushona mwenyewe siku moja kabla ya harusi kwa kukosa wa samawati. Nikakaa sakafuni.

Ndipo gauni jeupe liliponijia. Hakukuwa na panya. Mama alikuwa ameuvisha mgomba gauni lake la Sabato, akaufunga shuka mara tatu watu wasione, akatuacha tuzike. Nilikasirika, sitaficha. Miaka yote hii nimekuwa mke halali wa mtu kwa nguvu za kaburi lisilo na hata uzi mmoja wa Makori. Nilimkasirikia mama wa watu akiwa amelala mochari, hata nikamwambia kwa sauti, "Mama, ulinifanyia nini?" Kisha nikakumbuka kwamba mwenye nguo ndiye aliyezikwa. Mama aliyaamini hayo kuliko sisi sote. Shimo lilitaka mtu, na mimi nilitaka kaburi, naye hakuwa tayari kumtoa mwanawe, kwa hiyo alijitoa yeye. Alifanya hivyo akijua, akiwa peke yake nyuma ya mlango, kisha akaenda kufungia kuku. Nililia palepale sakafuni kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya Makori, ambaye nadhani sikuwahi kumlilia sawasawa.

Nilipoweza kusema nilimpigia yule kijana.

"Ndiyo madam. Niweke marehemu?"

"Usiweke."

"Kwani ako hai?"

"Sijui," nikasema. "Andika Makori. Mbele yake usiweke kitu."

Nilikuwa bado sakafuni mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisa, amekuja kuchukua nguo. "Mwalimu, pole na kazi," akasema. "Tulikuwa tunataka azikwe na gauni jeupe kama letu. Si alikuwa na lake zamani? Halimo humo?"

Nililirudisha shati kwenye mfuko wake, nikaweka blanketi juu, nikafunga kifuniko cha sanduku.

"Halimo," nikamwambia. "Lililiwa na panya."